Mashine Iliyobweka kwa Bi Habiba

Fundi Abdulrazaq aliifunga ile laptopu, akaisukuma juu ya meza kumrudishia mwenyewe.

"Dada, hii imekwisha. Diski imekufa, na kwa umri wa mashine yenyewe sikushauri utafute nyingine. Wapelekee wanaonunua skrepa, angalau utapata sukari."

Mwanahawa Kheri hakuichukua. "Taa yake inawaka," alisema.

"Inawaka, ndiyo."

"Feni inazunguka. Kioo kinaonyesha maandishi."

"Maandishi yanayosema haina diski, dada yangu. Ni sawa na mtu anayekwambia kwa mdomo wake kwamba amekufa."

"Anayesema hajafa," Mwanahawa alijibu. Akaiviringisha laptopu kwenye kanga, akaikumbatia kifuani na kutoka. Aliyemwona akivuka barabara kuu ya Kibiti siku ile angedhani amebeba mtoto mwenye homa.

Mwanahawa kwao ni Mloka, kule juu ya mto, jirani na hifadhi ya wanyama, lakini aliolewa Muhoro na Gharibu, karani wa ofisi ya kijiji. Gharibu ndiye aliyemfundisha kuchapa, jioni baada ya kazi, kwenye mashine ya ofisi ambayo karani aliruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Gharibu alipofariki, watu walingoja mjane amalize eda, afunge mizigo, arudi kwao kama ilivyo ada. Alimaliza eda. Kisha akafungua mlango wa mbele wa nyumba, akatoa meza barazani, akabandika kibao: STESHENARI. Wakwe walinung'unika, majirani wakatega masikio, naye akaendelea kupiga chapa barua za kuomba kazi, risala za mahafali na kadi za harusi. Miaka ikapita, manung'uniko yakachoka yenyewe.

Halafu yakaja yale mafuriko ya masika ya mwaka elfu mbili na ishirini na nne. Mto ulitoka kwenye njia yake ukaingia mitaani, na mashine ya kutolea kopi ikabaki chini ya maji pamoja na kompyuta kubwa ya mezani. Mwanahawa aliokoa nguo chache na ile laptopu ya zamani, ambayo hata kabla ya mafuriko ilikuwa inachukua muda wa kupika chai kabla haijaamka. Wakati wa kushuka mtumbwini mkoba wa laptopu ulimponyoka, ukagonga mbao. Hapo ndipo diski ilipokufa.

Kibiti alipokelewa na Bi Habiba, shangazi wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya soko. Haukupita muda, kaka yake Mwanahawa, Mwinyimvua, akaja kumchukua.

Mwinyimvua si mtu mbaya. Ni mtu wa kauli moja, aliyezoea nyumba nzima inyamaze akikohoa. Aliketi kwenye mkeka wa Bi Habiba, akanywa maji, akasema alichokuja kusema.

"Mwanahawa, umejaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu. Sasa turudi nyumbani. Shamba lipo, chumba cha mama kipo. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mimi sikushindana na mtu, kaka."

"Mto umekushinda."

"Mto ulichukua vitu. Mimi haukunichukua."

Mwinyimvua akamtazama Bi Habiba kutafuta msaada. Bi Habiba akajifanya anachambua mchele. Kaka akainuka na kusema twende stendi tukakate tiketi, basi la asubuhi. Mwanahawa akainuka naye, kwa kuwa hakutaka kumvunjia heshima mbele ya mwenye nyumba. Laptopu alikuwa nayo, bado kwenye kanga. Hakuwa ameiachia tangu kwa fundi.

Wakala wa tiketi aliitwa Saidy, mtu wa makamo mwenye kapelo. Dirisha lake lilikuwa dogo na ndani yake mlikuwa na kompyuta nene, ya rangi iliyokuwa nyeupe zamani, mashine ambayo hata Abdulrazaq asingeigusa. Mwanahawa aliitazama kwa mazoea ya kazi. Saidy alibonyeza, orodha ya viti ikaja papo hapo. Akaandika jina la Mwinyimvua, kisha la Mwanahawa, tiketi mbili zikatoka. Hakuna kusubiri.

Mwinyimvua alilipa, akasema anakwenda kuswali alasiri na kumsalimu rafiki yake msikitini. Mwanahawa akabaki dirishani.

"Samahani kaka. Hiyo mashine umeifanya nini?"

Saidy akacheka. "Watu huniuliza basi linaondoka saa ngapi. Wewe wa kwanza kuniuliza hilo." Akaizungusha skrini kidogo ili aone. "Nimeiondolea Windows, nikaiwekea Linux. Iko ya aina nyingi. Nyingine nzito, nyingine nyepesi. Hii ni ile nyepesi kabisa. Mashine hii ni mtumbwi mwembamba, sista, huwezi kuupakia shehena ya jahazi."

"Yangu haina diski. Imekufa."

"Hata yangu haina."

Mwanahawa akamkodolea macho. Saidy akaonyesha flashi ndogo iliyochomekwa ubavuni mwa ile kompyuta. Akaeleza kwamba mfumo mzima unakaa humo. Ukiwasha, unapanda wote kwenye kumbukumbu ya mashine na kufanyia kazi humo, ndiyo maana una mbio. Hauuzwi. Waliouandika wameutoa bure, mtu yeyote aujaribu, na asipoupenda auache, haujafuta kitu chake.

"Unaitwaje?"

"Puppy. Maana yake mtoto wa mbwa." Akamtazama ushungi wake, akaongeza kwa upole, "Jina tu, dada."

Mwanahawa aliifungua kanga. "Nipe na mimi nijaribu."

Saidy alimtilia kwenye flashi, akamfundisha kitufe cha kubonyeza mara tu taa inapowaka, ili mashine ianzie kwenye flashi badala ya kutafuta diski. Mwanahawa alirudi kwa Bi Habiba karibu akikimbia. Alichomeka, akawasha, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, ukaja mstari mmoja wa Kiingereza uliosema mfumo huu hauwezi kufanya kazi kwenye mashine hii. Akajaribu tena. Mstari ule ule. Alikaa pale akiutazama, na kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, machozi yalimlenga. Alikuwa amezika mume bila kulia mbele za watu. Hakutaka kulilia flashi. Akajifuta kwa ncha ya ushungi na kurudi stendi.

"Nilikupa ya mashine za juzi juzi," Saidy alisema alipousoma ule mstari. "Yako ni ya zamani zaidi. Ipo inayoifaa, subiri."

Aliporudi mara ya pili, Mwinyimvua alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda uani akitia udhu kwa ajili ya magharibi, kopo la maji mkononi. Mwanahawa aliweka laptopu kwenye ukuta mfupi wa baraza, akawasha, akabonyeza. Yakapita maandishi mengi, mistari juu ya mistari. Kioo kikazimika kidogo. Kisha kikafunguka, safi, na picha ndogo ndogo zimejipanga, na kutoka kwenye spika za laptopu mbwa akabweka.

Kopo lilimponyoka Mwinyimvua. Bi Habiba akainua miguu yake kutoka mkekani.

"Astaghfirullahi. Mbwa yuko wapi?" aliuliza.

"Humu," alisema Mwanahawa. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kwa kuwa mashine ilikuwa imeamka kabla Mwinyimvua hajamaliza udhu. Alifungua ukurasa wa kuandikia. Akaandika jina lake. Herufi zilikuja kadiri ya vidole.

Mwinyimvua alisimama, mikono inachuruzika maji. "Umeleta mbwa kwenye nyumba ya Waislamu. Nami naswali humu. Hujui kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa?"

"Ni sauti tu, kaka."

"Sauti ya nini?"

"Ya mbwa. Na Mloka, usiku, nguruwe pori wakija shambani, nani anayelinda mahindi yako?"

Watu wa Mloka wote wanajua jibu la swali hilo. "Yule yuko shambani," alisema Mwinyimvua. "Ana kazi yake."

"Na huyu yuko kazini."

Bi Habiba akakohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mwinyimvua akainama kuokota kopo, akaanza udhu upya. Alipomaliza kuswali alimwambia dada yake, bila kupandisha sauti, "Tiketi yako ninayo mfukoni. Asubuhi tunaondoka."

"Wewe unaondoka, kaka. Nakuombea safari njema. Mimi nabaki."

"Ukianguka usinipigie simu."

"Sitakupigia."

Asubuhi alimsindikiza hadi stendi, akambebea mfuko wake. Mwinyimvua alipanda basi bila kugeuka.

Saidy, aliposikia habari ile, alimwonyesha mahali pa kuizimia ile sauti. Mwanahawa akamwambia aiache. "Imeshanigombanisha na ndugu yangu. Ikinyamaza sasa itakuwa nimegombana bure."

Alipata nafasi kwenye baraza ya duka lililofungwa, njiani kwenda kwenye ofisi za wilaya, pembeni ya fundi cherehani mmoja aliyemruhusu kuchukua umeme kwake. Abdulrazaq akamwazima printa ya zamani iliyokuwa chini ya meza yake, akisema kompyuta za siku hizi hazielewani nayo na asimrudie ikikataa. Ilikataa siku nzima. Ilitoa karatasi zenye alama za ajabu, ikatoa karatasi tupu, ikameza nyingine. Mwanahawa aliuliza, akasoma kwenye simu, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Ilipotoa ukurasa wa kwanza unaosomeka, fundi cherehani alisimamisha mguu wake kwenye pedali na kupiga makofi.

Wateja walianza kuja mmoja mmoja. Mashine ilibweka asubuhi, wapita njia waligeuka, wengine wakacheka, wengine wakatema mate chini. Jina likazaliwa: kompyuta ya mbwa. Mwanahawa alilisikia na kuendelea kupanga karatasi.

Katika hao wa kwanza alikuja Zuhra, mama mmoja wa visiwani kwenye delta, mto unapoingia baharini, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto. Yeye na wenzake walikuwa wakikausha kamba waliovuliwa na kusuka mikeka, wakitaka kusajili kikundi ili waombe mkopo wa wanawake. Walihitaji katiba. Mumewe, Yassin, aliyewahi kuwa katibu wa vyama viwili vitatu, aliwaandikia kwa mkono. Mwanahawa aliichapa ile katiba mchana kutwa, akamrudishia Zuhra karatasi za mkono. Karatasi nyeupe za kuchapia zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo wakakubaliana Zuhra aje kuchukua kazi yake safari nyingine.

Jioni ile mvua ilikuwa inakuja. Wakati wa kuzima, mashine ilimuuliza kwa Kiingereza kama ahifadhi kazi za siku. Windows haikuwa imewahi kumuuliza hivyo, na kazi za nyuma alikuwa akizitoa kwenye karatasi siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakujali. Upepo ulikuwa unapeperusha kanga aliyofunikia printa, naye akabonyeza hapana ili aondoke. Asubuhi alipowasha, mashine ilikuwa kama siku ile ya kwanza ukutani kwa Bi Habiba. Safi, haina kitu.

Alijua alichofanya. Mfumo ule ulikuwa unafanyia kazi kwenye kumbukumbu tu, na kumbukumbu ikizimwa hutawanyika. Saidy alikuwa amemweleza, naye alikuwa ameitikia bila kuelewa.

Zuhra alipokuja, alikuja na wenzake wawili. Mwanahawa hakuzunguka. "Kazi yenu imepotea. Nimeipoteza mimi, si mashine. Nipeni zile karatasi za mkono niichape tena, sitaki malipo."

"Karatasi ziko kisiwani," Zuhra alisema. "Kwa mume wangu."

Mmoja wa wenzake akasema maji yakimwagika hayazoleki, waende kwenye steshenari kubwa kule mbele. Zuhra akamtazama Mwanahawa, ambaye alikuwa bado amesimama, vidole vikiwa mezani.

"Unakumbuka ilivyokwenda?" alimuuliza.

"Si yote. Ninyi?"

"Sisi hatukuisoma. Aliiandika yeye."

Mwanahawa akavuta benchi. "Basi kaeni. Kikundi ni chenu, semeni mnavyotaka kiwe. Mimi naandika."

Wakakaa. Mwanzoni walisema kwa woga, wakitafuta maneno ya ofisini. Mwanahawa akawaambia waseme kama wanavyosema wakiwa kwenye kamba, maneno ya ofisi atayatia yeye. Hapo ndimi zikafunguka. Nani atashika fedha, nani atashika ufunguo, mgonjwa atasaidiwaje, mwenye kuchelewa mkutanoni afanywe nini. Walibishana, wakacheka, wakafuta, wakaanza tena. Walipofika kwenye mikopo, Mwanahawa aliacha kuchapa.

"Hapa nakumbuka palikuwa na kifungu. Mwanachama aliyeolewa akope kwa idhini ya mumewe, kwa maandishi."

"Nani alikiweka?" Zuhra aliuliza.

"Mimi nilikikuta kwenye karatasi."

Zuhra aliwatazama wenzake, mmoja akatikisa kichwa, wa pili akatikisa kichwa. "Usikiandike," alisema.

Safari hii Mwanahawa alihifadhi. Alihifadhi kwenye flashi, akahifadhi kwenye flashi ya pili, akachapa nakala na kuwapa mkononi.

Haukupita muda Yassin akatokea barazani. Alikuwa amevaa kanzu safi na ameongozana na mwenzake mmoja. Hakusalimu.

"Wewe ndiye mwenye kompyuta ya mbwa?"

"Mimi ni Mwanahawa. Karibu."

"Niliandika katiba kwa mkono wangu. Imefika kwako imekatwa. Kirudishe kile kifungu, uchape upya, niipeleke mwenyewe."

Cherehani ya jirani ilinyamaza. Mwanahawa alikuwa mgeni pale, baraza si yake, umeme si wake, na mwanamume mmoja mwenye maneno angeweza kumwondoa kabla ya adhuhuri.

"Faili ni la kikundi," alisema. "Wakija wao wakaniambia niongeze, nitaongeza."

"Mimi ni mume wa mwenyekiti wao."

"Hilo nalijua, shemeji. Na mwenyekiti ni yeye."

"Mwanamke aliyefukuzwa na maji, hana mume, hana kwao, ndiye wa kuwafundisha wake za watu?"

"Kwetu ni Mloka," Mwanahawa alisema. "Mume wangu alifariki, hakuniacha. Na mimi sijamfundisha mtu kitu, nimeandika walichosema. Kufuta sifuti."

Mwenzake Yassin akainyooshea mkono laptopu. Mwanahawa akaifunga na kuweka viganja vyake viwili juu yake. Fundi cherehani akasimama, mkasi mkononi, akauliza kwa utaratibu kama wageni wanahitaji kushonewa chochote.

Zuhra alikuwa sokoni anauza kamba. Habari ilimfikia huko, akaja na beseni lake kichwani.

"Yassin," alisema, akitua beseni. "Ulipokopa kununua nyavu, mimi nilitia saini wapi?"

Yassin akageuka. "Hayo ni mambo tofauti."

"Nieleze tofauti yake. Nasikiliza."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Yassin alitazama huku na huku, akarekebisha kofia. "Tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani ndiko ninakokwenda, nikimaliza kuuza. Tutayazungumza."

Akaondoka, mwenzake nyuma yake. Zuhra akaketi kwenye benchi. Mwanahawa akamletea maji, wakatazamana. Wakacheka kidogo. Kisha Zuhra akapandisha beseni kichwani akarudi sokoni.

Katiba ilipelekwa kama ilivyo, ikapokelewa. Kikundi kikasajiliwa. Yassin alinuna Shaabani yote akila kwa dada yake. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama alirudi kufuturu kwake, na kifungu hakikutajwa tena. Wanawake wa vijiji vingine wakasikia kwamba Kibiti kuna mtu anayekuuliza unataka nini kabla hajaandika. Wakaja, wengine kwa boti na bodaboda, na barazani pakawa padogo.

Sikukuu ya Idi, Mwanahawa alikwenda Mloka na zawadi za watoto. Mwinyimvua alimpokea mfuko, akamuuliza kama anakula vizuri. Alisema anakula vizuri. Hakumuuliza jambo lingine, wala hakumtajia tena chumba cha mama. Watu wengine wangeuita huo ubaridi. Mwanahawa, anayemjua kaka yake, alirudi Kibiti na moyo mwepesi.

Sasa ana chumba chenye mlango na kufuli, mtaa wa pili kutoka barabarani. Laptopu ni ile ile. Baadhi ya vitufe vimechakaa, amechomeka kibodi ya nje. Faili za watu wengine zikija kutoka kwenye mashine mpya, mistari huhama na majedwali hupinda, naye huzinyoosha kwa mkono, kifungu baada ya kifungu, akitukana kimoyomoyo. Hajawahi kusema mfumo ule hauna kasoro. Anasema tu ni wake.

Juzi alikuja bwana mmoja mwenye miwani, mgeni wa mji, na kazi ya haraka. Alisimama mlangoni akaitazama meza, kibodi iliyofungwa kwa selotepu, laptopu yenye kona iliyopasuka.

"Dada," alisema kwa huruma ya kweli, "ungepata kompyuta ya maana ungefika mbali."

Mwanahawa alikuwa anatia karatasi kwenye printa. Hakuinua kichwa.

"Sijakwambia nasafiri," alisema. "Keti. Tuandike nini?"